Mdogo wako aachane na kukariri majina: Sosholojia ya mwaka wa kwanza nilivyoisoma mimi

Mkuu, umeuliza dogo aliyepangiwa Sosholojia, yaani elimu ya jamii, pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) afanyeje, maana semista ya kwanza haijaisha na tayari analia kwamba ni kozi ya kukariri wazungu waliokufa. Nimepita hapo hapo, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Majina ya wananadharia ni mengi kweli. Comte, Durkheim, Weber, Marx, bado Merton na wenzake. Ndiyo maana watu hukimbilia madesa, notisi za kukariri, yale yaliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka maandishi yamefifia: uamilifu (nadharia kwamba kila sehemu ya jamii ina kazi yake), hoja sita, udhaifu wake, hoja tano. Tesiti ya kwanza unapita nayo. Ila UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikija na swali linalotaka uitumie nadharia kwenye jambo la Tanzania, desa linakuacha solemba.

Mimi kilichonifungua ni daftari la msiba, lile la kuandikia michango ya rambirambi. Mtaani kwetu ni kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: jina, kiasi, na safu ya pembeni ya ahadi. Mwandishi anakaa kwenye kimeza pale turubai linapoanzia, hupiti bila kuonana naye. Kwenye semina tukaambiwa tulete mfano wa kazi za wazi na kazi fiche za jambo lolote la kijamii, zile alizozitenganisha Merton mwaka 1949. Nikaleta daftari. Kazi ya wazi kila mtu anaijua: hela ya sanda, chakula, usafiri. Ya fiche ni kwamba daftari halitupwi. Linakaa kabatini miaka, na siku ukifiwa wewe, wale waliofiwa wakati ule wanalifungua kuangalia uliwapa ngapi. Ambaye hakutoa naye anajulikana, tena huyo ndiye anayejulikana zaidi!

Mkufunzi akaanza kutuchokoza. Durkheim angeona nini hapo? Mshikamano. Marx je? Angeangalia nani kakalishwa kwenye viti vya mbele na akina nani wako uani wanasugua masufuria. Weber angeuliza kwa nini mwenyekiti wa kamati anatiiwa: kwa sababu ni mzee wa ukoo, kwa sababu ana mvuto wake tu, au kwa sababu katiba ya chama cha kufa na kuzikana inasema hivyo? Aina zake tatu za mamlaka zote zikapatikana chini ya turubai moja. Tangu siku hiyo sikuhitaji desa la Weber.

Kwa hiyo dogo achague jambo moja analolijua kutoka nyumbani, kikoba cha mama, kijiwe cha bodaboda, kitchen party, chochote, kisha kila nadharia mpya aipitishe hapo. Wapo watakaomwambia hiyo si sosholojia ya kisomi. Awapuuze.

Mills, mwanasosholojia wa Marekani, asimruke, kwangu ndiye mlango wa kozi nzima. Mwaka 1959 aliandika kwamba katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi hilo ni tatizo lake binafsi. Lakini katika taifa la wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, kumlaumu mtu mmoja mmoja hakusaidii. Durkheim alishafanya kitu cha namna hiyo mwaka 1897. Alichukua kujiua, jambo ambalo kila mtu aliliona la siri ya moyo wa mtu, akaonyesha kwa takwimu kwamba viwango vyake vilitofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, na kati ya walio kwenye ndoa na wasio nayo.

Akichoshwa na Ulaya, amtafute Ibn Khaldun wa Tunis, aliyekuwa akiandika kuhusu asabiya, ule mshikamano wa kundi, mwaka 1377. Kwenye semina huyo anaamsha mjadala vizuri sana.

Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini kundi lao la kujisomea lijadili kwa Kiswahili kwanza. Mtu asiyeweza kumweleza mwenzake Marx kwa Kiswahili, Kiingereza chake huwa ni desa lililovaa suti.

Kuhusu ajira uliyogusia mwishoni: waliotoka darasani kwetu wako maendeleo ya jamii halmashauri, wengine kwenye mashirika, wengine wanazunguka na madodoso vijijini. Waliopata mapema ni wale ambao hawakuikimbia takwimu ilipofika. Kozi za mbinu za utafiti asizichukulie poa.

Madesa yangu niliwaachia waliokuja nyuma, msiniombe inboksi.