Kabla hujaicheka ndege kuukuu ya mabomu

Vijana wa barazani hapa Lamu wakianza stori za manowari lazima atokee mmoja aseme ati B-52, ile ndege kubwa ya mabomu ya Wamarekani, ni chuma chakavu, ya mwisho ilitoka kiwandani 1962, itafanya nini mbele ya meli za siku hizi. Ushauri wangu kwa anayependa hizi habari: umri weka kando kwanza, uliza inabeba nini, inafika wapi, na nani anaionyesha meli iko wapi.

Hilo la mwisho ndo watu wanalipita tu. Mi niliwahi kupanda kindege kidogo kutoka Manda tukitafuta mashua iliyopotea, kusi imekaza, ukiangalia chini kila wimbi likivunjika jeupe unaona tanga, unapiga kelele "ile pale!", rubani anageuza, mkishuka ni povu. Mashua yenyewe walikuja kuiona wavuvi wenzao. Na ile ilikuwa inaelea tu, manowari inakwenda kilomita 50 kwa saa na zaidi, ikiwa hapa Lamu, masaa matatu ishapita Malindi. Ndo maana ndege kubwa yenye mafuta ya kukaa sana angani ina faida hata isiporusha kitu. Waingereza waliwahi kuzitumia Vulcan, ndege zao za mabomu, kupeleleza bahari kwa rada, na 1982 wakageuza sita kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani.

Haya, kupiga sasa. Bomu la kawaida kutoka juu sana halipati meli inayokata kona, waulize marubani wa B-17 za Wamarekani waliopiga meli za Wajapani pale kisiwa cha Midway 1942, hawakupata hata moja. Machi 1943 huko Bahari ya Bismarck, karibu na New Guinea, ndege za mabomu za B-25 zikashuka chinichini, mabomu yakaruka juu ya maji kama vijiwe wanavyorusha watoto ufukweni, bunduki za puani zinafagia sitaha, na meli zote 8 za uchukuzi za Wajapani zikazama pamoja na manowari 4. Leo ukishuka hivyo umekwisha, kwa hiyo kombora linarushwa toka mbali: B-52G zilipewa kombora la kupigia meli la Harpoon miaka ya 1980, na B-1B, ndege nyingine ya mabomu ya Wamarekani, ikaanza lile la LRASM 2018.

Ila kazi ninayoiona mimi ni bora na hakuna anayeitaja ni kutega mabomu baharini. 1945 ndege za Wamarekani za B-29 zilitega zaidi ya 12,000 kwenye maji ya Japani, bandari zikakwama. B-52 imeshajaribiwa na bomu la kutega la aina yenye mabawa, linaachiliwa ndege ikiwa mbali, linateleza lenyewe mpaka mkondoni. Sie watu wa mikondo hii tunaelewa upesi, nahodha akiambiwa kuna kitu chini hapo mlangoni na hajui ni wapi, hang'oi nanga.

Na mtu akikwambia B-52 inaonekana kwenye rada mkubalie, kweli inaonekana, halafu muulize kwani nani kasema itasogea karibu.