Mzee Anajibu: Je, Louis Leakey alikuwa Mkikuyu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwalimu wa historia wa binti yangu amewaambia darasani kwamba Louis Leakey, yule mtafiti wa mafuvu ya watu wa kale ya Olduvai, Tanzania, alikuwa Mkikuyu. Mimi nilijua ni mtoto wa mmisionari Mwingereza. Nani anampotosha mwanangu?
Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Hakuna anayempotosha, ila mwalimu ameruka nusu ya habari.

Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kianglikana pale Kabete, na Louis alizaliwa papo hapo mwaka 1903. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaongea lugha yao kama wao, akaingizwa rika pamoja nao na kupewa jina la Wakuruigi. Alipobalehe alijijengea nyumba yake mwenyewe, kama mila ilivyomtaka kijana. Humo alilala, humo akarundika mayai ya ndege na mawe ya kale aliyoyaokota. Vita vya 1914 viliifanya familia ibaki Kenya, Uingereza ikawa mbali.

Alipofika miaka 16 akapelekwa huko, shule ya bweni. Hebu fikiria: mtu mwenye nyumba yake anapangiwa saa ya kulala, na kwenda mjini mpaka aombe ruhusa! Kriketi haijui, wenzake wanamcheka. Hapo ndipo mimi humwonea huruma. (Wazazi mnaosifu mabweni, mnisamehe.) Cambridge alijilipa kidogo: walidai lugha mbili za kisasa, akaandikisha Kifaransa na Kikuyu, nao wakakubali.

Sasa ile nusu iliyorukwa. Jomo Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, akamkataa kwamba anapendelea. Mvutano ukazidi, Leakey akaacha kazi hiyo. Kikuyu alikijua, lakini kwenye vita vya Mau Mau alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni, na watu wa rika lake waliliona hilo waziwazi. Mimi simwiti msaliti. Namwita mtoto wa misheni aliyebanwa, akaegemea kwa wazazi wake.

Kwenye mtihani binti aandike: Mwingereza aliyezaliwa Kabete. Habari za Wakuruigi aziweke kwenye insha, zitampa alama.