Barua ya kumpendekeza muuguzi imerudishwa

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini TANNA (Chama cha Wauguzi Tanzania) tawini wamerudisha barua yako ya kumpendekeza sista wa wodi ya wazazi kwa tuzo ya Siku ya Wauguzi, Mei 12.

Kwanza angalia ada yake ya uanachama na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kama ziko hai. Kisha futa "mchapakazi, mwenye upendo". Kila barua inasema hivyo! Nilipompendekeza mwenzangu niliandika jambo moja tu: alivyobandika ukutani karatasi ya kupima presha na damu inayotoka kila robo saa mama akishajifungua, na zamu ya usiku nayo ikaijaza. Nakala niliambatanisha. Sahihi iwe ya muuguzi mfawidhi, aliyemwona kazini, si ya bosi wa utawala.