Mjusi Chui Wiki ya Kwanza: Mwache Kwanza, Atakula

Mjusi wangu alikaa siku 11 bila ya kula. Kufika siku ya kumi, mie mwenyewe chakula kilikuwa hakinipiti. Alikuwa wa mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hapa Unguja. Siku ya kuondoka akaniachia tangi la kioo, mkeka wa umeme wa kupashia joto, na mnyama mwenyewe: manjano, madoa meusi mwili mzima, mkia mnene kama kidole gumba. Nikapanda naye ghorofani Michenzani alasiri, na haijafika Isha nusu ya watu wa ngazi yetu walikuwa wameshakuja kumtazama. Watoto wanagonga kioo, mjomba anataka kumshika, kila anayeingia anawasha taa. Hapo ndipo nilipoharibu, na ndiyo maana nakuandikia wewe uliyeletewa wako leo.

Mjue kwanza ni nani. Mjusi chui, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, kwao ni nchi kavu za mawe: Afghanistan, Pakistan, kaskazini-magharibi mwa India. Mchana hujificha mwambani, hutoka magharibi ikiingia. Si mjusi kafiri wa ukutani. Hana vidole vya kunata, kwa hiyo kioo hakipandi, na ana kope, anafumba macho kama mimi na wewe. Haya nilimweleza bibi yangu kwa urefu, maana kisa cha mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim kila aliyesoma chuo cha Kurani anakijua, na yeye alishavua ndara ampige. Akanisikiliza, akasema, "Mjusi ni mjusi," kisha akavaa ndara yake. Nikashukuru kwa hilo. Nawe zungumza na wenye nyumba kabla mnyama hajaingia, isije ikawa unarudi kazini unakuta tangi tupu.

Sasa kula. Ukimhamisha mnyama huyu, kila harufu na kila kishindo kwake ni adui, na anayeogopa hali. Mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kitu asidhurike, kwa sababu mafuta yake ameyaweka mkiani. Mtoto hana akiba hiyo; huyo akipitisha wiki bila kula, tafuta msaada. Kwa hiyo mgeni wetu huyu hapewi mchele wala panza siku ya kwanza. Siku tatu nne za mwanzo mpe maji kwenye kisahani kifupi, ufunike pande tatu za tangi kwa khanga kuukuu, na uondoke. Kumshika, ngoja hata wiki mbili. Akitishika sana hukata mkia, na mkia unaoota baada ya hapo huwa kama kitunguu, haufanani tena na wa mwanzo.

Maficho usiyafanyie ubahili. Anataka matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na moja lenye unyevu la kubambulia ngozi. Hayahitaji kwenda dukani. Mie nimetumia gae la chungu kilichovunjika upande mmoja, nusu ya kifuu kikubwa cha nazi niliyoichonga mlango upande wa pili, na kopo la plastiki lenye tundu ambalo ndani yake nimeweka makumbi yaliyochemshwa na kukamuliwa. Sakafuni weka gazeti au kigae. Mchanga wa pwani unavutia macho, lakini akiumeza pamoja na chakula humziba tumbo.

Joto ndilo linalomsaidia kusaga chakula. Chini ya ficho la joto panatakiwa pawe kama digrii 31 hadi 33, upande wa pili 24 hadi 26. Vitabu vyote vinahangaika namna ya kumpasha mnyama joto. Sisi wakati wa kaskazi tunahangaika kumpoza. Mwezi wa Februari chumba changu peke yake hufika 31 mchana, hapo mkeka nauzima kabisa na tangi nalishusha sakafuni. Kipupwe kikiingia nauwasha, lakini siuachi ufanye kazi bila ya kidhibiti joto, maana mkeka usiodhibitiwa humuunguza tumbo naye hajui kuondoka. Umeme ukikatika usiku wa baridi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa khanga inasaidia. Nunua kipima joto. Mkono wako hauwezi kukwambia digrii.

Kinachotupata khasa sisi wa visiwani ni unyevu. Huyu anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40, na hapa kwetu kuipata ni kazi hata kiangazi; masika ndiyo usiseme, hata chumvi kwenye kikopo inageuka maji. Kifuniko kiwe cha wavu mtupu, gazeti libadilishwe kila siku, kisahani cha maji kikae mbali na joto, na usimnyunyizie maji hata mara moja, ila kwenye lile kopo la makumbi. Ukimwona anapumua mdomo wazi au puani mna mapovu, hapo tatizo si kususa chakula tena, ni mapafu.

Chakula chake ni wadudu walio hai. Mboga hali, tunda hali, wali hali (mama alijaribu). Nyenje ndio bora, na hawauzwi sokoni Darajani, kwa hiyo wafuge: ndoo yenye wavu juu, trei za mayai ndani, pumba, karoti na mchicha. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo baina ya macho mawili ya mjusi. Panzi wa majanini wanafaa ukijua shamba halikupigwa dawa. Vimulimuli usithubutu, baadhi yao wana sumu inayoua mijusi.

Na mende wa nyumbani vilevile usimpe. Siku ya saba, nikiwa nimekata tamaa, nilimnasa mmoja nyuma ya mtungi wa gesi nikamrushia. Mjusi akamshika, akamtema, akarudi gaeni kwake akakaa siku nzima amefumba macho. Kumbe wiki mbili nyuma jengo letu lilipigwa dawa ya mbu kutani, nami nimesahau. Alinusurika kwa sababu hakumeza.

Kila mlo unahitaji kalsiamu, ile chokaa ya kujenga mifupa. Unga wake wa madukani kwetu ni adimu, ila bahari imetupa. Ule ubao mweupe mwepesi wa ngisi unaokutwa umetupwa ufukweni, uroweke siku mbili tatu ukibadilisha maji mpaka chumvi itoke, uanike, uusage uwe laini kama poda. Tia nyenje kwenye kikombe pamoja na kijiko kidogo cha unga huo, tikisa, wawe weupe kama waliopita kwenye chokaa. Ubao huo hauna vitamini D3 lakini, kwa hiyo kama unaye mtu anayekuja kutoka nje, muagizie chupa moja ya unga wenye D3.

Siku ya kujaribu ni ya nne au ya tano, na saa ni baada ya adhana ya Magharibi, taa imezimwa. Weka nyenje wawili, kaa mbali. Nusu saa ikipita hajala, watoe. Nyenje wanaobaki usiku humuuma mjusi aliyelala, hasa vidoleni na machoni. Rudia baada ya siku mbili, si kila saa. Akiendelea kususa, ponda nyenje mmoja umpake maji yake mdomoni kwa kijiti. Atajilamba, na mara nyingi kulamba huko ndiko kunakomwamsha. Kumpanua mdomo kwa nguvu, hapana.

Wakati wa kungoja usitazame macho yake, tazama mizani. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha: mtie kwenye kopo, mara moja kwa wiki, andika. Wangu alianza na gramu 58, kufika siku ya kumi akawa 56, na hilo halikuwa la kutisha. Akipungua sehemu moja katika kumi, au mkia ukaanza kuwa kama kijiti, au kinyesi kikawa maji na kunuka, fungia kinyesi kwenye mfuko upeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari lako. Wa kwanza niliyemwendea alizoea ng'ombe na mbuzi, akaniuliza kama huyu ana faida gani. Lakini minyoo ni minyoo, darubini yake ilikuwa ile ile.

Ukimchoka, mtafutie mtu. Usimwachie kichakani. Kunguru nao waliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19, na leo mnawaona.

Usiku wa kumi na moja nilikuwa nimekaa kizani, simu mfukoni. Alitoa kichwa gaeni, akasimama. Ncha ya mkia ikaanza kutetema, kutetema tu, kama paka anayemvizia ndege. Kisha sauti ndogo ya kuvunjika mbegu, na mguu wa nyenje ukining'inia pembeni mwa mdomo.

Sasa ana gramu 64, namlisha Jumatatu na Alhamisi. Bibi yangu hufunga sunna siku hizo hizo. Akishakunywa uji wake huchungulia mlangoni akauliza, "Na huyo kafiri wako, keshafuturu?"