Canal du Midi kwa boti, wiki moja inatosha?
Umeuliza kama wiki moja inatosha kumaliza Canal du Midi yote, ule mfereji wa boti kusini mwa Ufaransa, km 240 toka mji wa Toulouse mpaka ziwa la Étang de Thau karibu na bahari. Ndugu yangu usijaribu, mwendo mwisho km 8 kwa saa, halafu kila mara unakutana na milango ya maji, unashika kamba unasubiri maji yapande au yashuke taratibu, ukuta umelowa uko hapo hapo usoni, na mchana wahudumu wanafunga waende kula. Bora kipande cha toka mji wa Carcassonne hadi kijiji cha Le Somail tu, pale kuna kadaraja ka mawe ka zamani, funga boti ushuke utembee, aisee panapendeza mno! Leseni kwa boti za kukodi hawadai, wanakuelekeza kwanza ndo unaondoka.