Kuchanganya rangi za maji: anza na buluu mbili

Boksi langu la kwanza lilikuwa na rangi 24. Asubuhi moja nikaenda nalo Forodhani, maji yamejaa, nikiitaka ile rangi ya bahari ya Unguja ambayo si buluu wala si kijani. Nikachanganya buluu na manjano, nikatia kijani, nikatia nyeupe kidogo, nikarudia buluu. Kikatoka kitu cha kijivujivu kama maji yaliyooshea masufuria. Ndilo tope hilo, na kila anayeanza atakutana nalo.

Mkono wako hauna kosa. Tope huja kwa sababu hujajua rangi yako inaegemea wapi. Ipo buluu yenye wekundu ndani yake, na ipo yenye ukijani. Manjano ni vilevile: weka binzari kando ya ganda la limau bivu, utaona ya kwanza imeelekea kwenye chungwa na ya pili kwenye majani. Buluu ya ultramarini ina wekundu. Ukiikutanisha na manjano ya kibinzari, nayo ina wekundu, tayari umeweka buluu, manjano na nyekundu pamoja, na hizo tatu zikikutana huzimana. Kijani chake hupoa, kama jani la mwembe lenye vumbi. Kwa mikoko kinafaa sana, nakipenda. Kwa bahari, hapana. Bahari inataka buluu ya thalo, ile yenye ukijani, na manjano ya limau, basi.

Utazijuaje dukani? Usitegemee jina la kupendeza lililoandikwa mbele. Geuza tyubu utafute namba: PB29 ni ultramarini, PB15 ni thalo, PY3 ni manjano ya limau. Tyubu nyingine zina namba tatu, maana yake zimeshachanganywa kiwandani. Ukichanganya mbili za namna hiyo, una rangi sita kwenye sahani bila kujua. Nunua za namba moja.

Sita zinatosha mwaka mzima: hizo tatu, manjano moja ya kibinzari, nyekundu ya kiwaridi (PV19), na hudhurungi ya siena iliyochomwa, ambayo mara nyingi ni PBr7. Nyeusi iache dukani. Ultramarini na siena hukupa kijivu chenye uhai: ukizidisha buluu unapata wingu la masika, ukizidisha siena unapata kuta kuukuu za Mji Mkongwe. Tena itazame ikikauka. Chembe za ultramarini huzama kwenye vishimo vya karatasi, na ukuta unaonekana una mchanga na chokaa kabla hujachora hata jiwe moja. Nyeupe nayo ni karatasi yenyewe. Mahali pa mwanga usipaguse.

Thalo ina nguvu kupita kiasi. Tandaza manjano kwanza, halafu iguse kwa ncha ya brashi yenye buluu, kidogokidogo. Ukianza na buluu utamaliza tyubu nzima ya manjano ukiifukuza. Changanya nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu ikiisha katikati ya anga hutaipata ileile tena. Na usiihukumu ikiwa mbichi, maana rangi ya maji hupauka ikikauka. Ijaribu kwenye kipande cha karatasi ileile, usubiri. Weka makopo mawili ya maji, la kuoshea na la kuchanganyia.

Jioni moja, chukua rangi mbili tu. Chora visanduku tisa kwa mstari: cha kwanza rangi moja tupu, cha mwisho nyingine tupu, katikati ukihama taratibu. Chini yake rudia kwa maji mengi zaidi. Andika namba za tyubu pembeni. Karatasi zangu za namna hiyo nimezibandika juu ya meza, na nikienda pwani ile ya thalo na limau huiweka mfukoni. Hulingana na maji ya kina kifupi kwenye kisanduku cha tatu.