Maswali ya Wasomaji: Leseni Mbili Ndani ya Programu Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza programu ya kutuma nyaraka kwa njia salama, na vyama viwili vya ushirika vimeniomba nakala. Sehemu ya kusoma mafaili niliichukua kwenye mradi wenye leseni ya GPL toleo la 2. Ulinzi wa mawasiliano unafanywa na OpenSSL 3.0, ambayo nimeifungasha humo humo. Mwenzangu anasema kwa kuwa zote ni programu huria, nami sitozi hata senti, hakuna tatizo. Je, ni kweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kila sehemu ni huria ikiwa peke yake, tatizo linaanza unapoziunganisha na kumpa mtu mwingine. Kutotoza hakukuokoi, kwa sababu GPL haiangalii bei bali kitendo cha kusambaza, ndiyo maana ungeitumia ofisini kwako tu usingevunja sharti lolote.

Tangu toleo la 3.0 lilipotoka Septemba 2021, OpenSSL hutumia leseni ya Apache 2.0, ambayo humnyang'anya ruhusa ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) yeyote anayefungua kesi akidai programu hiyo imekiuka hataza yake. GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, haina sharti hilo, na kifungu chake cha 6 kinakataza kuwaongezea wapokeaji vizuizi vingine, hivyo sharti la Apache huhesabika kuwa kizuizi cha ziada. Kifungu cha 7 kinasema wazi kwamba asiyeweza kutimiza masharti yote kwa pamoja asisambaze kabisa. Upo msamaha kwa maktaba, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia kama OpenSSL, zinazokuja na mfumo endeshi, lakini hukoma pale maktaba inapoambatana na programu yenyewe, kama ulivyofanya.

Kabla ya kukata tamaa, fungua mafaili ya msimbo wa mradi ule, usiishie kwenye faili la LICENSE, kwa maana hilo huwa na matini ya leseni tu, ilhali chaguo la mwandishi kwa kawaida huandikwa juu ya kila faili. Ukikuta ameruhusu toleo la 2 au, kwa hiari yako, toleo lolote la baadaye, umepona: chagua toleo la 3, la mwaka 2007, linalopatana na Apache 2.0, kisha itoe programu yote chini ya toleo hilo pamoja na msimbo wake. Kagua mafaili yote, kwani moja tu linalosema toleo la 2 pekee linakurudisha ulipokuwa.

Likiwa toleo la 2 pekee, kama ilivyo kwa kiini cha Linux, waombe wenye hakimiliki ruhusa ya nyongeza ya kuunganisha msimbo wao na OpenSSL. Wget, programu ya kupakua mafaili mtandaoni, inayo ruhusa ya namna hiyo kuhusu OpenSSL. Hata hivyo, kila mwenye haki katika msimbo huo lazima akubali, na katika mradi wa zamani kuwapata wote ni kazi kubwa. Mimi ningebadilisha maktaba: GnuTLS, ambayo msingi wake uko chini ya LGPL (leseni nyepesi kuliko GPL) toleo la 2.1 au la baadaye, inayopatana na GPL toleo la 2, hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa itakubidi uandike upya sehemu inayofungua mawasiliano. Hadi utakapokamilisha mojawapo ya njia hizi, tafadhali usivipe vyama hivyo nakala.